Uzito wa sampuli peke yake hautoshi

Ukichambua takwimu za kaya, kama zile za Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa 2015-16, usitosheke na kuweka uzito wa sampuli, yaani namba inayoipa kila kaya nafasi yake sahihi katika hesabu. Uzito hurekebisha wastani na asilimia, lakini hauiambii programu kwamba kaya zilichaguliwa kwa vishada (makundi ya kaya za eneo moja) ndani ya matabaka (mafungu ambayo nchi iligawanywa kwanza, kama vile mjini na vijijini). Utafiti ule ulichagua maeneo 608 ya kuhesabia watu, kisha kaya 22 katika kila eneo. Kaya za mtaa mmoja huchota maji kisima kimoja na kutumia zahanati moja, hivyo majibu yao hufanana. Ikiwa mfanano huo, ambao 1 maana yake ni kufanana kabisa, ni 0.05 tu, variansi ya makadirio (kipimo cha kuyumba kwake) huwa mara 1 + (22 − 1) × 0.05, yaani mara 2.05, na kosa sanifu, ambalo ni kipeuo cha pili cha variansi hiyo, huwa mara 1.4 hivi. Anayepuuza jambo hili hutangaza uhakika ambao hana.

Katika faili la kaya, gawanya safu ya hv005 kwa 1,000,000 upate uzito, tumia hv021 kwa vishada na hv022 kwa matabaka, kisha eleza yote hayo kwa amri ya svyset katika programu ya takwimu ya Stata au svydesign katika ile ya R.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni kufuta kaya zisizohitajika, mathalani zisizo na umeme, kabla ya kukokotoa. Tabaka linaweza kubakiwa na kishada kimoja, na kosa sanifu likashindwa kukadiriwa. Acha data nzima, uainishe kundi lako kwa chaguo la subpop katika Stata.