Siku Tatu za Visiwa na Marafiki: Kutoka Mwanza hadi Ukerewe, Kisha Saanane

Likizo ya majini na marafiki haihitaji kusubiri Unguja. Mwanza unapanda meli asubuhi, mchana unakula sato Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe ndani ya Ziwa Victoria, na kabla ya kurudi kazini unapata asubuhi nzima ya kupanda mawe Saanane, kisiwa kidogo kando ya jiji. Kinachoharibu safari nyingi za namna hii ni watu kutaka kwenda kila mahali kwa boti ya kukodi. Sisi tunashauri hivi: maji marefu pandeni meli, boti ndogo ibaki kwa safari fupi za asubuhi, mkiwa mnaiona nchi kavu muda wote.

Kundi, pesa na tarehe

Watu sita hadi wanane wanatosha. Mkiwa wanane mnagawana vyumba vinne, samaki wa chakula cha jioni wanapikika kwenye jiko moja, na boti moja ya ukubwa wa kati inawabeba bila kubanana. Mkizidi kumi, hata kukubaliana muda wa chai kunakuwa mkutano.

Mteueni mtu mmoja wa kushika pesa, na kila mmoja amtumie mchango wake kwa simu wiki mbili kabla. Asiyetuma mpaka siku nne kabla ya safari, pangeni bila yeye, kwa upendo tu. Mfuko ugawanywe mafungu matatu: nauli na viingilio, malazi na chakula, na akiba. Akiba itoshe usiku mmoja wa ziada kwa kila mtu pamoja na nauli ya kurudi kwa barabara, maana meli huahirishwa kwa upepo au kwa matengenezo. Njia ya pili ya kutoka kisiwani ni hii: Nansio hadi Rugezi kwa gari, kivuko hadi Kisorya, kisha Bunda, kisha Mwanza. Ni ndefu na itawala sehemu kubwa ya siku, lakini ipo, na kundi linaloijua halipaniki.

Kuhusu miezi, masika ya Machi hadi Mei ni ya dhoruba nyingi. Juni hadi Agosti ni kukavu, ila upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na boti ndogo zinapata taabu. Tungechagua Januari, Februari au Septemba. Tazameni na mwezi angani. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, na ukikaa ufukweni Nansio unaona ziwa limewaka mpaka mbali. Siku hizohizo za mwezi mwandamo ndipo wadudu wadogo wa ziwani huibuka kwa wingi, wakapanda angani kama moshi na kuvamia kila taa. Hawaumi, lakini wataingia kwenye mchuzi. Zimeni taa za barazani, mle mapema, kisha mtoke kutazama taa za wavuvi.

Meli

Meli za Nansio zinaondokea Bandari ya Mwanza Kaskazini, na safari huchukua takribani saa tatu hadi tatu na nusu. Ratiba hubadilika, kwa hiyo mmoja wenu apite bandarini siku moja kabla, aulize saa ya kuondoka na ya kurudi, na akate tiketi akiwa na majina kamili na vitambulisho vya wote. Msikubali tiketi isiyo na jina lako. Orodha ya abiria ndiyo inayowaambia waokoaji wanamtafuta nani.

Fikeni saa nzima kabla. Bebeni begi la mgongoni na kapu; begi la magurudumu linakwama kwenye daraja la kupandia na linawachelewesha walio nyuma. Vyakula vya njiani viwe kwenye kapu au mfuko mbadala, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Sasa viti. Meli inakwenda upande wa kaskazini, hivyo asubuhi jua linapiga ubavu wa kulia. Kaeni kushoto. Mkirudi alasiri, meli inaelekea kusini na jua liko magharibi, yaani kulia tena, basi kushoto ndiko kwenye kivuli. Mkirudi asubuhi ndipo mhamie kulia. Sitaha ya juu ni tamu kwa picha na stori, ila karata hapo hazikai, upepo unazichukua. Drafti ya vizibo vya soda inavumilia zaidi.

Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yanafuatana karibukaribu kuliko ya bahari, kwa sababu upepo hauna umbali mrefu wa kuyanyoosha. Ndiyo maana hata mtu aliyezoea boti ya Zanzibar anaweza kuchafukwa hapa. Anayejijua ameze kidonge cha kichefuchefu nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda. Akisubiri mpaka aanze kujisikia vibaya, amechelewa. Akae katikati ya meli, chini kidogo, atazame mbali pale maji yanapokutana na anga, na aiweke simu mfukoni. Supu nzito ya asubuhi isubiri Nansio.

Boti ndogo: hapa msiwe na haraka

Mkishafika, mtataka kuzunguka ghuba au kwenda kisiwa cha jirani kwa boti ya injini. Muda mzuri ni kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tano hivi. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hujengeka usiku na kupiga alfajiri, kwa hiyo subirini jua lipande, muitazame anga yote kabla ya kusukuma boti. Kuanzia mchana upepo unaotoka ziwani unaamka. Kama mkiwa nchi kavu mnaona mawimbi yanavunjika vichwa vyeupe, siku hiyo ni ya karata. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisomeni usiku, na asubuhi mumuulize nahodha. Nahodha akisema hapana, msimbembeleze wala msimwongezee pesa. Mkiwa majini, upepo wa baridi ukija ghafla kutoka upande wenye wingu jeusi, dhoruba iko nyuma yake. Elekeeni ufuko wa karibu, hata kama siyo mliokuwa mkienda.

Kabla ya kulipa, kagueni haya bila aibu:

- Jaketi okozi moja kwa kila mtu. Livaeni, fungeni mikanda yote, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa mno, na kwenye maji litakuvuka.
- Cheti cha ukaguzi wa chombo kutoka TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na idadi ya abiria inayoruhusiwa.
- Makasia mawili, ndoo ya kukombea maji, kamba ndefu na tochi.
- Plagi za akiba, spana yake, na pini ya akiba ya propela.

Mafuta yahesabuni wenyewe. Injini ya farasi 40 ikienda mwendo wa wastani hunywa takribani lita 12 kwa saa. Theluthi ya mafuta ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Safari ya jumla ya saa moja, kwenda na kurudi, inataka lita 18 ndani ya boti. Injini nyingi hapa ni za kuchanganya oili kwenye petroli, kwa kawaida lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Oili ikizidi, moshi unajaa na plagi inachafuka mpaka injini inazima katikati ya maji. Ikipungua, pistoni inakwama, na hiyo haitengenezeki majini.

Injini ikishawaka, tazameni nyuma yake: kuna kamkondo ka maji kanakoruka pembeni. Hayo ndiyo maji ya kuipoza. Mkipita kwenye magugumaji, mizizi inaziba tundu la kuvutia maji na kamkondo kanakatika. Mwambieni nahodha azime papo hapo, ainue injini na kusafisha. Injini ikilia kwa nguvu lakini boti haiendi, huenda pini ya propela imekatika, mara nyingi baada ya kugonga jiwe au kunasa kipande cha nyavu. Pini ya akiba mkiwa nayo, ni kazi ya dakika chache.

Wote wakishakaa, ukingo wa boti ubaki juu ya maji angalau shibiri mbili. Ukipungua, mtu ashuke au mizigo ishuke. Mizigo iwe chini, katikati. Asisimame mtu kupiga picha, na msikimbilie upande mmoja eti kuna kiboko. Hili tunalisema kwa uzito wake. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara, kisiwa jirani ya Ukerewe, tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, kilikuwa na uwezo wa abiria 101 na kilibeba zaidi ya hapo kwa mbali. Bia zote zifunguliwe mkisharudi nchi kavu.

Kuogelea na kichocho

Maji yanavutia, na kila kundi lina mtu atakayeruka. Ukweli ni kwamba kichocho kipo kando ya ziwa lote. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hutoka kwa wingi zaidi jua la mchana, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kujifuta taulo haraka siyo kinga ya kutegemea. Kwenye matete kuna pia mamba. Kama hoteli ina bwawa, tumieni bwawa. Anayetaka ziwa kwa lazima aingie kutoka kwenye boti, mbali na majani, kwenye kina, akiwa na jaketi, na ajue kwamba hatari imepungua, haijaisha.

Aliyeingia majini akapime baada ya wiki sita hadi nane. Kumeza dawa kesho yake hakusaidii, maana prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiui vizuri minyoo michanga. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, kwa maelekezo ya mganga. Maji ya kuoga yaliyokaa ndani ya tangi siku mbili hayana shida hiyo. Kwa malaria, laleni ndani ya chandarua hata kama feni inavuma.

Sato wa jioni

Nunueni samaki wenyewe Nansio asubuhi, vyombo vinapoingia. Jicho liwe limejaa na kung'aa, matamvua mekundu, na ukibonyeza mgongo nyama irudi. Sato wa gramu 500 hadi 700 ni wa mtu mmoja, basi watu wanane wanahitaji kilo tano kwenda juu. Unga wa ugali kilo moja na nusu. Wakikuuliza kama unataka wa mahindi au wa muhogo, chukua wa muhogo angalau mara moja. Na machungwa ya Ukerewe msiyapite.

Mpasue samaki mistari mitatu kila ubavu, pakeni chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mwacheni nusu saa. Mkaa usubiriwe mpaka moto ufe na majivu meupe yafunike juu. Wavu upate moto kwanza, upakwe mafuta, ndipo samaki alale, dakika 10 hadi 12 kila upande. Samaki hunata kwa sababu wavu ulikuwa wa baridi, au kwa sababu mtu mwenye njaa alimgeuza kabla ngozi haijakauka. Akiwa tayari anaachia mwenyewe.

Siku ya pili na ya tatu

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, kama kilomita za mraba 530, kwa hiyo msijaribu kukimaliza. Kodini gari moja kwa siku nzima, mpite Bukindo kwenye makao ya zamani ya watemi, kisha msitu wa Rubya. Anayetaka Ukara avuke kwa kivuko kutoka Bugolora hadi Bwisya, na swali la kwanza akifika liwe saa ya kivuko cha mwisho cha kurudi. Rubondo iacheni kwa likizo nyingine. Ni hifadhi ya kilomita za mraba 456, ina sokwe, na inafikiwa kupitia upande wa Geita na Chato. Inadai siku tatu zake yenyewe.

Mkirudi jijini laleni, kesho asubuhi nendeni Capri Point zilipo ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 2013. Ina kilomita za mraba 2.18 tu, na boti haifiki robo saa. Malipo ni ya kielektroniki, hivyo mshika pesa awe na salio kwenye simu au kadi. Vaeni viatu vyenye soli inayoshika, mawe yale yanateleza yakiwa na umande. Mtaona pimbi, swala pala na kenge. Tumbili nao watawaona nyinyi kwanza, na wanajua kufungua begi, kwa hiyo ndizi zibaki mjini.

Jioni pitieni soko la samaki la Mwaloni Kirumba kununua dagaa wa nyumbani. Wanapatikana zaidi baada ya usiku wa giza. Mwezi mpevu uvuvi hushuka na bei hupanda. Chukua konzi moja, sugua kati ya viganja juu ya karatasi nyeupe, uone kama mchanga unadondoka. Waliokaushwa juu ya chanja huwa wasafi kuliko walioanikwa chini. Walipie zaidi kidogo, na muombe wafungwe kwenye kiroba kikavu mara mbili, la sivyo basi zima litajua mlikotoka.