Somo: Unafuu wa kodi kwa anayejenga nyumba ya sola na maji ya mvua

Wanachama wenzangu, tangu tununue ploti za Ruai, hapa Nairobi, swali ni lile lile: serikali inampa nini mtu anayejenga bila kuharibu mazingira? Jibu litawakata wengine maini. Hakuna atakayekuletea hundi. Unafuu mwingi ni kodi usiyotozwa, na ukishalipa bila kuuliza, kurudishiwa ni kazi. Kwa hiyo fuateni mpangilio huu.

Hatua ya 1: Anza na mchoro

Nairobi iko kusini ya Ikweta kwa nyuzi moja na kidogo tu. Jua linapita karibu utosini, kisha jioni linapiga ukuta wa magharibi bila huruma. Mwambie mchoraji aelekeze madirisha makubwa kaskazini na kusini. Hilo haligharimu kitu likiwa bado kwenye karatasi. Na mchoro huo huo ndio utakaoupeleka kaunti kuomba kibali cha ujenzi. NEMA (mamlaka ya mazingira) waulizeni mapema mradi unahitaji ripoti ya mazingira ya kiwango gani, na kwa NCA (mamlaka ya ujenzi) mwandikishe mradi kabla fundi hajachimba msingi.

Hatua ya 2: Sola, na hapa tulieni

Mwaka 2020 msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa vifaa vya sola uliondolewa. Sheria ya Fedha ya 2021 ikaurudisha kwa paneli, chaji kontrola (kinachodhibiti chaji ya betri), inverta (inayogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani) na betri za kuhifadhi umeme wa jua. Nyaya za kawaida, vyuma vya kushikilia paneli na kazi ya fundi ni hesabu nyingine.

Tulipoweka sola kwetu, mtaa wa Utawala, mwaka 2022, duka moja la mjini lilituandikia kwotesheni yenye mstari mmoja: "mfumo wa sola, kamili". Chini yake, VAT asilimia 16 juu ya jumla yote. Nililipa. Niliposoma sheria baadaye nilirudi na risiti mkononi, nikaambiwa mauzo yameshafungwa. Iliniuma, maana pesa ile ingetosha tanki.

Kwa hiyo dai kwotesheni inayotenganisha kila kifaa na bei yake. Muulize muuzaji, kabla ya kulipa, kama mzigo wake umepitia msamaha huo. Kwa vifaa vya shilingi 400,000, VAT ni 64,000. Usione haya kuuliza. Risiti iwe ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi), na fundi akuonyeshe leseni yake ya EPRA (mamlaka ya kawi).

Hatua ya 3: Mkopo

Ukikopa benki ununue au uboreshe nyumba unayoishi mwenyewe, riba ya hadi shilingi 360,000 kwa mwaka huondolewa kwenye mapato yako kabla ya kodi kukokotolewa. Kabla ya Desemba 2024 kikomo kilikuwa 300,000. Nyumba ya kupangisha haimo humo.

Hatua ya 4: Maji

Hapa faida haitoki KRA, inatoka mbinguni. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakusanya lita 2,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita 1,600, yaani mitungi 80 ya lita 20. Mnajua mtungi unauzwaje mifereji ikikauka. Ila weka bomba la kumwaga maji ya kwanza: kwetu, mvua ya kwanza ya Machi ilitoka kwenye gata nyeusi kama chai ya rangi, mavumbi na kinyesi cha ndege.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, hizi hati za nyumba ya kijani ni za matajiri tu?*

Hati ya EDGE, mojawapo ya hati hizo, inataka upunguze angalau asilimia 20 kwenye nishati, maji, na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi. Wakubwa huitumia kutafuta mtaji: mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilitoa hatifungani ya kijani (njia ya kukopa kwa wawekezaji kwa riba, kwa miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 4.3 kujenga mabweni ya wanafunzi hapa Nairobi, na Sheria ya Fedha ya mwaka huo huo ikasamehe kodi ya riba ya hatifungani za aina hiyo zilizoorodheshwa sokoni. Sisi wa nyumba nane tuchukue vipimo vyao vituongoze. Hati inaweza kungoja.

*Nikiweka sola, naweza kuuzia Kenya Power stima inayobaki?*

Kuuza kwa pesa taslimu, hapana. Sheria ya Kawi ya 2019 na kanuni za 2024 zinaruhusu upeleke ziada kwenye gridi na uhesabiwe nusu: ukipeleka yuniti 100, bili yako inapunguzwa 50. Kwa hiyo pima mfumo kulingana na matumizi yako ya mchana.

*Mimi ni mwenye nyumba za kupangisha. Gharama ya sola naitoa kwenye kodi ya pango?*

La, mama, si ukiwa kwenye ile ya asilimia 7.5 ya kila mwezi. Hiyo hukatwa kwenye pango lote, gharama hazitambuliwi. Unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA utoke humo, utozwe kwa faida. Piga hesabu zote mbili kwanza, maana kwa wengi wetu ile 7.5 bado ndiyo nafuu.

*Kwotesheni yangu ina mstari mmoja kama yako. Nifanye nini?*

Usilipe. Irudishe kesho asubuhi waiandike upya, kisha nitumie tuisome pamoja.