Vibao vya Elton John: uanzie wapi na usikilize nini

Wengi wanaoniuliza waanzie wapi kwa Elton John, mwimbaji na mpiga piano wa Uingereza, tayari wameshajaribu. Wamechukua mkusanyiko wa nyimbo arobaini, wakauacha ucheze wenyewe huku wakifua au wakiwa safarini, na baada ya wiki wananiambia nyimbo zote ni zilezile. Si kweli, na mimi hunichoma moyo kuyasikia hayo. Napiga piano kwa kusikia tu, na nyimbo hizi nimezishika moja moja kwa miaka mingi. Ushauri wangu ni huu: sikiliza wimbo mmoja kwa siku, mara tatu. Mara ya kwanza fuata maneno, mara ya pili fuata piano, mara ya tatu fuata sauti ya mwimbaji peke yake. Tumia hedifoni kama unazo, maana mkono wa kushoto wa piano hupotea kwenye spika ndogo za simu.

Kabla hujaanza, jua jambo moja: maneno hutangulia. Mwaka 1967 kijana aliyeitwa Reginald Dwight, ambaye bado hakuwa Elton John, alijibu tangazo la kampuni ya muziki lililokuwa likitafuta vipaji. Bernie Taupin naye alilijibu. Mmoja alijua kupiga na kuimba lakini maneno yalimshinda. Mwingine alikuwa na mashairi lakini hakuwa mpigaji. Tangu hapo Taupin hutunga peke yake na kumkabidhi karatasi, kisha Elton hukaa kwenye piano na kulitia sauti shairi ambalo limeshakamilika. Ukilijua hili utaelewa kwa nini mistari yake mara nyingi haina urefu sawa, na kwa nini sauti hupanda mahali usipotarajia. Anafuata karatasi.

Siku ya kwanza weka "Your Song" ya mwaka 1970. Taupin aliyaandika maneno yake akiwa na miaka 19, na umri huo unasikika: anayezungumza ni mtu mwenye haya, anaanza sentensi na kuikatiza, hana hakika hata macho ya mpenzi wake ni ya rangi gani. Sasa sikiliza piano. Msemaji anaposita, nayo inampisha. Nilipojaribu kuupiga wimbo huu kwa mwendo ulionyooka kama wa saa, ulikufa mikononi mwangu.

"Tiny Dancer" ya 1971 inataka subira. Kiitikio hakiji mpaka zipite dakika mbili na nusu hivi, na anayerukaruka nyimbo atauacha kabla haujafunguka. Usiusogeze mbele. Kisha "Rocket Man" ya 1972, iliyorekodiwa kwenye jumba la Château d'Hérouville huko Ufaransa. Hapa acha piano kidogo umfuate Davey Johnstone, ambaye gitaa lake linateleza kwenda juu kama kitu kinachoiacha ardhi. Wanaomwitikia Elton kwenye kiitikio ni wapigaji wake mwenyewe: Johnstone, Dee Murray wa gitaa la besi na Nigel Olsson wa ngoma. Mchanganyiko wa sauti za watu hao watatu ni nusu ya utamu wa nyimbo zake za miaka ile, na waandishi wengi hawautaji.

Kutoka albamu ya "Goodbye Yellow Brick Road" ya mwaka 1973 chukua wimbo wenye jina hilohilo, usikie sauti yake nyembamba ya juu kabisa kwenye kiitikio, halafu "Bennie and the Jets". Kelele za watazamaji na makofi utakayoyasikia humo yaliongezwa studio na mtayarishaji Gus Dudgeon. Hakukuwa na tamasha lolote.

Albamu hiyohiyo ina "Candle in the Wind", na wimbo huu nakuomba uupe jioni nzima, maana upo katika rekodi tatu ambazo zikifuatana zinakusimulia koo la mtu mmoja.

Ya kwanza ni ya 1973, inayomkumbuka mwigizaji wa filamu Marilyn Monroe. Sauti ni ya kijana, nyepesi, inapanda bila kujikaza. Ya pili ilirekodiwa jukwaani Sydney Desemba 1986, katika ziara aliyofuatana na okestra ya Melbourne. Koo lilikuwa linaumwa, na unasikia mikwaruzo kwenye kila mstari mrefu. Ilipofika Januari 1987 alifanyiwa upasuaji wa koo hukohuko Australia, na sauti iliyorudi ilikuwa nzito zaidi. Ya tatu ni ya 1997, ambayo Taupin aliandika upya maneno yake kwa ajili ya Diana, binti mfalme wa Uingereza aliyefariki mwaka huo. Elton aliiimba kwenye mazishi yake, katika kanisa la Westminster Abbey jijini London, tarehe 6 Septemba, kisha akairekodi kwa usimamizi wa mtayarishaji George Martin, na zikauzwa nakala zaidi ya milioni 30. Sikiliza jinsi anavyoyaweka maneno chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Kwangu ile ya Sydney ndiyo bora kuliko zote. Ni sauti inayokaribia kuisha, na bado hailegezi wimbo.

Baada ya jioni hiyo mengine ni mepesi. "I'm Still Standing" ya 1983 ni ya kusimama na kucheza. "Don't Let the Sun Go Down on Me" isikilize ya 1974, halafu ile ya jukwaani aliyoimba na George Michael, iliyotoka 1991. "Can You Feel the Love Tonight" ya 1994 maneno yake ni ya Tim Rice, na utaona mistari imekaa sawa zaidi kuliko ya Taupin. "Sacrifice" iliyotoka 1989 ndiyo itakayokuonyesha sauti mpya nzito ilivyopata makao yake: hapandi popote, anazungumza tu karibu na sikio lako.

Mwisho cheza "Cold Heart" ya 2021, aliyoimba na Dua Lipa. Imeshonwa kwa vipande vya nyimbo zake nne za zamani. Viwili umeshavipitia kwenye safari hii. Ukivitambua bila kuambiwa, tafuta vile viwili vingine: "Kiss the Bride" ya 1983 na "Where's the Shoorah?" ya 1976, uvisikilize vyote kwa urefu wake, mara tatu kila kimoja.