SOMO: Kurekebisha msingi huku nyumba imejaa watu (soma kabla hujauliza)

Wakuu, kila wiki swali ni lile lile, "nyumba ina ufa na mwezi ujao nina wageni, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Weka alama. Chora kistari cha penseli pale ufa unapoishia, andika na tarehe, pima upana. Vinyufa vya unywele kwenye plasta visikunyime usingizi. Ila ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya tofali, au uliozidi milimita 5, au mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwaruza sakafu, ita injinia. Injinia, sio shemeji mjuaji.

2. Tafuta maji. Gata inayomwaga chini ya ukuta, bomba linalovuja, uwanja ulioinamia nyumba. Udongo wa mfinyanzi ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na nyumba inapanda na kushuka nao. Kuziba ufa maji yakiwa bado yanaingia ni kupaka poda tu.

3. Kalenda. Karatasi moja: shule zinafunga lini, sherehe lini, wageni lini, na chini yake siku za zege kukomaa. Siku ya 7 lina kama theluthi mbili ya nguvu, hesabu kamili ni siku 28. Zege halipewi kadi ya mwaliko.

4. Kuchimba chini ya msingi kwa vipande, kila kipande unamwaga zege jipya. Hapa ndipo nilipoharibu kwahiyo someni taratibu. Injinia aliugawa ukuta vipande vya kama mita 1 akaviandika kwa chaki 1, 3, 5, 2, 4, maana yake unafuata namba sio macho, ili kipande unachofungua kisiwe jirani na zege bichi. Nikamaliza namba 1, nikamaliza namba 2, nikatazama kalenda nikaona harusi ya mdogo wangu imebaki siku tisa na ndugu wanalala kwangu, nikamwambia fundi fungua 3 kesho hiyo hiyo. Namba 3 iko jirani kabisa na namba 1, na zege la namba 1 bado bichi. Usiku tukasikia "ta!" kama mtu kavunja kijiti, asubuhi mlango wa chumba cha watoto haufunguki, binti yangu katolewa dirishani na sare ya shule, na ufa umepita alama yangu ya penseli kwa urefu wa kiganja. Harusi wageni walilala kwa jirani. Kwahiyo USIFUNGUE vipande viwili jirani. Usirundike udongo ukingoni. Shimo likifika kifuani asiingie mtu bila mbao za kuzuia udongo.

5. Acha nafasi ya kama sentimita 7 kati ya zege jipya na msingi wa zamani, kesho yake au keshokutwa ijaze mota kavu (yenye maji kidogo mno, ya kushindilia).

6. Plasta na rangi mwisho kabisa.

MASWALI

— Mkuu sijasoma yote, naziba ufa kwa saruji gani?
Rudi hatua ya 2 hapo juu, tafuta maji kwanza.

— Fundi wangu anasema akifungua upande wote anamaliza siku 5, wageni wanakuja wiki ijayo.
Mwambie alale yeye hicho chumba.

— Kwahiyo uliharibu mwenyewe halafu unatufundisha?
Ndiyo. Wewe umewahi kumtoa mtoto dirishani? Basi sikiliza aliyemtoa.

— Samahani mkuu, kwanini hiyo mota kavu? Si ungemwaga zege lijae mpaka juu?
Swali zuri sana hili. Zege likikauka linasinyaa kidogo, na juu hewa inanasa, kwahiyo ukijaza mpaka juu kunabaki mwanya usiouona na ukuta unashuka kuufuata. Mota ya kushindilia ina maji kidogo mno, ukiifinya mkononi inashikana lakini kiganja hakilowi, ndiyo maana haisinyai kihivyo. Ishindilie kwa kipande cha ubao na nyundo, kidogo kidogo, anzia nyuma uje mbele. Ukitaka zaidi uliza tu.

— Nina mti mkubwa mita 4 kutoka ukutani na udongo ni mfinyanzi, niukate leo?
Ngoja kwanza! Mizizi ilikuwa inanyonya maji, ukiukata ghafla udongo unarudi kulowa, unavimba na kusukuma nyumba juu. Muulize injinia kama upunguzwe matawi au ukatwe kwa awamu.

— Sisi wenye watoto wadogo je? Likizo wako nyumbani kutwa.
Dada, mashimo yafunikwe mbao nzito jioni kabla fundi hajaondoka, sio baada, na kamba pembeni. Nilihamisha vitanda vyote upande wa pili wa nyumba kabla jembe la kwanza.

— Naongezea, vumbi: shuka iliyoloweshwa chini ya mlango inasaidia kuliko kufagia mara sita.
Kweli kabisa, sisi tulitumia taulo za zamani.

— Na nani anapima ufa kila wiki, maana mimi nasahau.
Mpe mtoto wa darasa la nne rula na daftari. Wangu ananikumbusha yeye, na juzi kanisuta kwamba naandika tarehe vibaya.