Jinsi ya kuomba dhamana katika kesi ya dawa za kulevya Kenya

Jamaa wa washtakiwa hunijia wameshakata tamaa: wameambiwa kesi ya dawa za kulevya haina dhamana. Si kweli. Kifungu cha 49(1)(h) cha Katiba ya 2010 kinampa kila aliyekamatwa haki hiyo, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Hata ulanguzi, unaoweza kuleta kifungo cha miaka mingi, haukutengwa.

Hatua ya 1. Hesabu saa. Polisi wana saa 24 kumfikisha kortini, au siku ya korti inayofuata zikiishia wikendi. Wakiomba siku zaidi wakingojea ripoti ya Mkemia wa Serikali, pinga: sampuli iko maabara, mtu wa nini rumande?

Hatua ya 2. Kusanya karatasi za kuonyesha mizizi yake. Hapa ndipo penye kazi. Swali la hakimu ni moja: huyu atarudi? Leta mkataba wa nyumba, barua ya chifu, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya mwajiri. Mvuvi asiye na ardhi naye ana mizizi; barua ya BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo) ya ufuo wake inatosha kuanzia. Ikiwa aliwahi kupewa dhamana akahudhuria kesi mpaka mwisho, tafuta rekodi hiyo.

Hatua ya 3. Omba siku ileile anaposomewa mashtaka. Upande wa mashtaka wakipinga, wao ndio wa kuthibitisha: alitoroka kesi nyingine, au ametisha shahidi. Watasema dawa zinaangamiza vijana. Ni kweli, na mtaani kwetu tumewazika. Lakini hilo halionyeshi kwamba mshtakiwa huyu atatoroka. Jibu kila hoja yao kwa hati ya kiapo.

Hatua ya 4. Korti ikiagiza ripoti ya afisa wa probesheni, mpokeeni nyumbani na mmwambie ukweli.

Hatua ya 5. Masharti. Mdhamini aje na kitambulisho, picha, na hatimiliki ya ardhi au logbuku ya gari, kisha vikaguliwe. Tafadhali, msikodi mdhamini nje ya lango la korti. Hati ikiwa bandia, mnaongeza kesi juu ya kesi. Mkishindwa na kiasi cha dhamana, Mahakama Kuu ina uwezo wa kukipunguza. Jitoleeni kusalimisha pasipoti na kuripoti kituoni. Mkilipa taslimu, tunzeni risiti: kesi ikiisha bila yeye kuruka dhamana, pesa hurudishwa.