Namna ya Kulinganisha Harakati za Kujitenga za Zamani na za Sasa

Anayelinganisha harakati za kujitenga katika nchi za kidemokrasia huvutwa kwanza na madai ya wanaharakati, yaani lugha, kodi, dini na historia. Usianzie hapo, kwa kuwa madai hayo hufanana mno kutoka karne moja hadi nyingine. Anza na uamuzi wenyewe: nani aliruhusiwa kuufanya, aliulizwa nini, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuyapokea matokeo.

Swali la nani aliyeamua ndilo zito kuliko yote. Tarehe 20 Desemba 1860, wajumbe wa South Carolina walipitisha kwa kauli moja azimio la kujitoa Marekani, ilhali zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo hilo walikuwa watumwa wasio na kura. Mwaka 1905 Norway ilipiga kura ya kuachana na Uswidi, watu 368,208 wakakubali na 184 wakakataa, nayo pia iliwaacha nje wanawake. Kasoro hizo mbili zisiwekwe kwenye mizani moja. Wanawake wa Norway, waliponyimwa kura, walikusanya wenyewe saini zaidi ya 200,000 za kuunga mkono jambo lilelile, lakini South Carolina ilijitenga ili walionyimwa kura waendelee kuwa watumwa, kama tamko lake yenyewe linavyoonyesha.

Kisha lisome swali neno kwa neno. Mwaka 2014 Waskoti waliulizwa tu kama Uskoti iwe nchi huru. Mwaka 1995 watu wa Quebec waliulizwa kama wanakubali jimbo lao liwe na mamlaka kamili baada ya kuipa Kanada pendekezo rasmi la ushirikiano mpya wa kiuchumi na kisiasa, kwa mujibu wa muswada na mkataba uliotiwa saini tarehe 12 Juni mwaka huo. Waliokataa walikuwa asilimia 50.58, na si rahisi kusema kila mmoja alikataa nini hasa.

Asilimia nazo zihesabiwe upya kwa kuzingatia wote walioandikishwa. Catalonia, mwaka 2017, ilitangaza asilimia 90 ya kura za ndiyo, lakini waliojitokeza walikuwa asilimia 43 hivi, kwa sababu wapinzani wengi waliisusia kura ambayo mahakama ya Hispania ilikuwa imeisimamisha. Uskoti ilipata asilimia 44.7 ya ndiyo, waliojitokeza wakiwa asilimia 84.6. Zidisha, utaona kwamba waliosema ndiyo pande zote mbili ni takribani asilimia 38 ya walioandikishwa.

Mwisho, mtafute mpokeaji wa matokeo. Uskoti ilikuwa na makubaliano na serikali ya Uingereza tangu 2012, na Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema mwaka 1998 kwamba jimbo haliwezi kujitenga kwa uamuzi wake peke yake, ila wengi wakitamka wazi juu ya swali lililo wazi, wengine wanawajibika kujadiliana nao. Australia Magharibi haikuwa na mpokeaji wa namna hiyo. Mwaka 1933 theluthi mbili ya wapigakura wake walitaka kujitenga, na siku hiyohiyo (jambo ambalo wengi hulisahau) wakaiondoa madarakani serikali iliyokuwa ikiunga mkono kujitenga. Ombi lao lilipofika London, Bunge lilikataa mwaka 1935 kulipokea, kwa kuwa halikutoka kwa serikali ya Australia. Harakati kama hiyo usiiandike katika safu ya zilizoshindwa kwa kura. Ifungulie safu yake.