Mtoto akililia mabuyu, usilegee "leo tu"

Kwetu Langoni, Lamu, hupiti na mtoto bila kukutana na mabuyu, na mwanangu wa miaka minne alishajua kilio kinalipa. Dawa niliyoipata: ukishasema hapana, iwe hapana hadi mfike nyumbani. Siku ya kumpa, mpe ameomba kwa upole, na umpe papo hapo, si baadaye. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliona kwa panya na njiwa wake kwamba tendo linalotuzwa mara moja moja hufutika kwa shida kuliko linalotuzwa kila mara. Kwa hiyo ukikataa siku nne na kulegea ya tano, umemfundisha kuvumilia kulia. Watazame paka wa gatini: mvuvi amtupie utumbo wa samaki leo, amnyime wiki nzima, paka yuko pale pale miguuni pake.

Jiandae lakini, maana siku za mwanzo kilio hupanda kabla ya kushuka. Wangu alijilaza katikati ya kichochoro, punda wawili wa kubeba mchanga wamesimama nyuma yetu na mwenyewe anapiga kelele tumpishe. Ukimpa hapo, kesho ataanzia hapo hapo chini.

Haifai kama ni kilio cha njaa, usingizi au homa. Na haifanyi kazi kabisa kama bibi ana shilingi kumi pindoni mwa leso. Anza kwa kukubaliana naye.